Sauti Juu ya Nguzo

Kila asubuhi, kipaza sauti kilichofungwa juu ya nguzo ya umeme kilikohoa mara mbili, kisha Mzee Maeng, mwenyekiti wa kijiji, akaanza kutangaza. Kisiwa kizima cha Morae kilimsikia, kuanzia waanika mwani hadi mbwa wa bandarini.

"Amesema nini leo?" Mama aliuliza kwa Kivietnamu, huku akimfungia Diem kitambaa cha shingoni.

Diem alikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa miaka miwili tangu waje kisiwani, Mama alipoolewa na Baba Pyo, mvuvi. Baba alipokuwa baharini, kama wiki hii, Diem ndiye aliyemtafsiria kila kitu Mama, ambaye bado hakuijua lugha ya kisiwani. "Diem ndiye masikio ya nyumba hii," Mama aliwaambia majirani, na Diem alilipenda sana jina hilo.

Lakini asubuhi ile Mzee Maeng aliongea haraka, kwa lafudhi nzito ya kisiwani. Diem alidaka maneno matatu tu: bahari, ofisi, wote.

"Mkutano wa wazee tu, Mama," alijibu bila kumtazama usoni.

"Vizuri. Basi maji yakipwa nitaenda mwambani kuchuma kome. Bibi hajala vizuri tangu apate mafua. Nitampikia supu."

Bibi Bok-sun, mama yake Baba Pyo, alicheka kitandani aliposikia neno supu. Hilo alilielewa kwa lugha yoyote.

Shuleni, saa sita kasoro dakika ishirini, Mwalimu Tak aliingia darasani. Wanafunzi walikuwa tisa tu.

"Leo hakuna supu ya kome kwenye chakula cha mchana," alisema. "Mmesikia tangazo la asubuhi. Kome wa mwambani wameingiwa na sumu ya majira haya, na hata ukiwachemsha haitoki. Ganzi huanza midomoni, halafu mtu anashindwa kupumua. Mtu asiwaguse."

Diem alikumbuka supu ya Bibi. Aliitazama saa ya ukutani. Bibi hula saa sita kamili, hachelewi hata dakika moja.

Aseme? Juzi tu aliposoma vibaya, Gyu-ri wa dawati la mbele aligeuka na kumwambia, "Rudia tena, hatujamaliza kucheka." Akisema sasa, wote watajua kwamba masikio ya nyumba hayasikii. Labda Mama hakupata kome. Labda maji yalichelewa kupwa. Mshale wa saa ulisogea.

Akilini akamwona Bibi akipuliza kijiko cha supu.

"Mwalimu!" Alisimama hadi kiti kikaanguka. "Mama amekwenda kuchuma kome! Mimi... sikuelewa tangazo. Nilimdanganya nikasema ni mkutano."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Tak alikuwa tayari ameshika simu. Simu ya Mama iliita, ikaita, haikupokelewa. Mama akiwa jikoni huiacha ndani ya koti.

"Kutoka hapa hadi kwenu ni nusu saa kwa miguu," Mwalimu alisema, akibonyeza namba nyingine. "Mzee Maeng? Washa kipaza sauti chako sasa hivi, weka simu karibu nacho. Diem, ongea na mama yako."

"Mbele ya kisiwa kizima?"

"Mbele ya kisiwa kizima."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Diem aliishika simu kwa mikono miwili. Kwa mbali, dirishani, alikisikia kipaza sauti kikikohoa.

"Mama!" alipiga kelele kwa Kivietnamu, na sauti yake ikamrudia kutoka vilimani. "Msile kome! Wana sumu! Nilikudanganya, Mama, sikuelewa! Mwaga supu!"

Simu ya Mwalimu ilipoita, Diem hakuweza kuipokea. Mwalimu aliipokea, akasikiliza, kisha akatabasamu.

"Supu imemwagwa. Bibi yako ndiye aliyepiga, analalamika kwamba alikuwa ameshashika kijiko."

Diem akajifunika uso, akalia. Gyu-ri alimsukumia karatasi ya kufutia machozi. "Hata mimi simwelewagi yule babu," alinong'ona. "Anaongea kama injini ya boti. Mimi huitikia tu."

Jioni Mzee Maeng alifika nyumbani kwa kina Diem na pikipiki yake. Mama alikuwa amemkumbatia Diem, hajamgombeza, na hilo lilimwumiza Diem zaidi.

"Nisamehe, Babu," alisema.

"Mimi nina miaka sabini na moja," Mzee Maeng alijibu, akivua viatu mlangoni. "Barua za serikali zikija, nusu sizielewi. Namsumbua karani mpaka anikimbie. Kutokuelewa si aibu, mjukuu wangu. Aibu ni kujifanya umeelewa, maana kuna mtu anayetegemea jibu lako. Sema 'sijui', kisha uliza."

"Na wewe uongee polepole!" Bibi Bok-sun alifoka kutoka kitandani. "Nimekosa supu kwa sababu ya mdomo wako!"

Asubuhi iliyofuata kipaza sauti kilikohoa mara mbili. Mzee Maeng alitangaza habari za daktari wa meno, neno moja moja. Mwishoni akauliza, "Diem, umeelewa?"

Diem alifungua dirisha, mashavu yakimwaka.

"Neno la mwisho silijui, Babu! Rudia!"

Na kutoka nyumba ya kina Gyu-ri, sauti nyingine ikadakia, "Na mimi pia!"