Mkanda wa Mjomba Ubwa

Kila asubuhi ya likizo, Nadra alifagia uwanja, akanywa chai kwa mkate wa mofa, kisha akafuatana na mama yake kazini. Mama yake, Bi Shahida, alikuwa fundi mkuu wa umeme wa jua. Wiki ile kikosi chake kilikuwa kikifunga paneli karibu na Darajani, kwenye jengo la ghorofa tatu lenye ofisi za ushirika wa wakulima wa viungo. Paa lilijaa matangi ya maji, kwa hiyo paneli zilifungwa kwenye ukuta wa mbele. Wapita njia walisimama kutazama, na baadhi yao walicheka: tangu lini ukuta ukatoa umeme?

Nadra alikuwa na kazi moja. "Hapandi mtu bila ya mkanda wa usalama," mama alimwambia. "Hata awe nani. Wewe simama chini, ukague."

Siku ya mwisho ilibaki paneli moja, ya juu kabisa. Mjomba Ubwa, mdogo wake Bi Shahida, alikuja mbio akashika ngazi ya jukwaa lililosimamishwa mbele ya ukuta.

"Shikamoo, Mjomba. Mkanda wako uko wapi?"

"Marahaba. Nnapanda majukwaa tangu hujazaliwa, sijaanguka. Wageni wanaokuja kuona umeme ukiwashwa wako njiani. Nipishe, mwanangu."

Mafundi wakacheka. Nadra aliona haya, kwani hakuzoea kumkatalia mkubwa, na mama yake alikuwa ndani akiunganisha nyaya. Hata hivyo hakuondoka. Alimnyooshea mkanda kwa mikono miwili.

"Niwie radhi, Mjomba. Bila ya huu sikupishi."

Ubwa alinuna, lakini akauvaa. Nadra akakivuta kifungo cha mkanda kuhakikisha kimeshika, ndipo akampisha.

Juu, Ubwa alifunga kamba ya mkanda kwenye nguzo ya jukwaa. Yeye na mwenzake Mbarouk walikuwa wakikaza paneli, ghafla upepo mkali ukavuma. Ubao wa jukwaa ukateleza chini ya mguu wa Ubwa. Watu wakapiga kelele. Ubwa alining'inia hewani, mkanda tu ukimshika.

"Mama!" Nadra aliita.

Bi Shahida alitoka mbio. "Ubwa, tulia! Usijitikise!" Mbarouk na wenzake wakamvuta taratibu mpaka akakanyaga jukwaa. Hakuumia. Ubao ulipofungwa upya, aliomba spana akamaliza kazi yake.

Mchana wageni walifika. Umeme wa mtaa mzima ulikuwa umekatika. Bi Shahida akawasha swichi kubwa, na mara feni zikazunguka, taa zikawaka, kompyuta zikalia. Vigelegele vikarindima barabarani! Wapita njia walioucheka ukuta ndio waliopiga makofi zaidi.

Ubwa akamwendea Nadra mbele ya watu wote. "Nilikasirika kuzuiwa na mtoto," alisema. "Leo wanangu wana baba kwa sababu yako. Ahsante, mwanangu."

Bi Shahida akamshika binti yake begani. "Heshima si kumwitikia mkubwa kila asemalo," alisema. "Ukimwona anaelekea kwenye hatari, mzuie kwa adabu, wala usirudi nyuma. Umeme tumeupata, Nadra, lakini ushindi wetu ni kwamba leo sote tunarudi nyumbani."