Atini Hahami Sayansi

Kila asubuhi kabla ya shule, binti yangu Atini hunisaidia kuchambua vitunguu vya kupeleka sokoni. Surua ilimpofusha akiwa na miaka miwili. Lakini kitunguu kibovu hakimpiti. Hukishika, hukinusa, hukitupa.

"Baba, hiki ulitaka kumuuzia nani? Adui yako?"

Yuko sekondari, anasoma sayansi. Anataka kuwa mtengenezaji wa dawa.

Siku moja mkuu wa shule aliniita.

"Mzee Akudugu, maabara ina moto na asidi. Akiungua tutamwambia nini mama yake? Tumhamishie historia. Tia sahihi hapa."

Nikatia. Nikarudi nyumbani nikijiona baba mwema.

Nilipomwambia Atini, alisukuma bakuli la tuo, ugali wetu.

"Umetia sahihi bila kuniuliza?"

"Ni kwa usalama wako, mama."

"Usalama gani? Maabarani naketishwa mlangoni. Wenzangu wanapima, mimi naambiwa nisikilize. Mwalimu Ndebugre anasema, 'Rangi imebadilika.' Naandika imebadilika. Hata chupa sijawahi kushika! Sasa nafukuzwa kwa kutojua kazi ambayo sikufundishwa?"

Nilijikasirikia kwanza, kisha nikawakasirikia walimu wake.

Kesho yake nilikwenda kwa jirani yetu Lamisi. Yeye ni mwalimu wa wanafunzi wasioona, huzunguka shule za wilaya. Hakunionea huruma.

"Umetia sahihi kama mtu anayepokea gunia la mbolea! Sasa kaitengue. Lakini tusiende mikono mitupu."

Tulinunua mabomba ya sindano duka la dawa, yasiyo na sindano. Lamisi alinipa tupa ndogo.

"Kata mapengo kwenye kijiti cha kusukumia, kila mililita tano. Ukucha wake utayahisi. Atapima bila kuona."

Nilikata. Kazi ya nusu saa. Shule ilikuwa imeshindwa kwa miezi saba!

Mkuu alikubali tujaribu mbele yake. Maabarani, Lamisi aliweka vyombo ndani ya sinia ili visisogee wala kuanguka. Alibandika majina ya nukta nundu kwenye chupa. Atini akavaa miwani ya kinga na glavu nyembamba.

Mwalimu Ndebugre alikunja mikono.

"Na rangi je? Rangi haishikiki, Madamu."

"Nani kakwambia lazima iwe rangi? Tumia kitunguu. Kikikaa ndani ya alkali, harufu yake hufa. Ukidondosha asidi mpaka alkali iishe, harufu hurudi. Mwenye pua atajua."

"Kitunguu? Hapa si jikoni!"

"Basi fanya kwa rangi yako, yeye afanye kwa pua yake. Tuone."

Walianza pamoja. Atini alidondosha asidi polepole. Hakuinamia chupa. Alipunga mkono kuleta hewa puani, kama Lamisi alivyomwelekeza. Mwalimu akamaliza, akaandika jibu lake.

Atini alidondosha tone jingine. Akapunga. "Imerudi."

"Asidi kiasi gani?" aliuliza mkuu.

"Mapengo matatu na matone thelathini. Matone ishirini ni mililita moja. Kwa hiyo kumi na sita na nusu."

Mwalimu Ndebugre aligeuza daftari lake. Kumi na sita na robo.

"Mmekaribiana," alisema Lamisi. "Na yeye ndiyo mara yake ya kwanza."

Mkuu alikohoa. "Lakini mtihani wa taifa..."

"Andika barua mapema. Omba muda wa ziada na karatasi ya nukta nundu. Ni kazi yako, Bwana Mkuu, si hisani."

"Na karatasi niliyotia sahihi," nikasema, "nipe." Aliitoa kwenye droo. Niliichana palepale.

Sasa Atini ana meza yake maabarani. Muhula uliopita alikuwa wa nne darasani kwa kemia.

Wiki iliyopita asidi kidogo ilimmwagikia mkononi. Aliosha kwa maji mengi yanayotiririka, kama wote walivyofundishwa, akaendelea na kazi. Mkuu akanipigia simu.

"Mzee, nilikuonya!"

"Wanaoona hawamwagi?"

Akakata simu.

Nikamwuliza Atini baadaye. Siku hiyohiyo wanafunzi watatu wenye macho mazima walivunja chupa, na mmoja alijichoma kidole. Hakuna mzazi wao aliyepigiwa simu.