Namba Thelathini na Tisa

Mwaka ule wa 1988 mto Nyando ulivunja kingo zake mara mbili kabla ya Pasaka, na Ahero nzima hapakuwa na kitu kikavu. Mpunga ulilala majini, kuni zilitoa moshi tu, chaki za shule zililainika mkononi kama ugali mbichi. Kwa hiyo Selpha, mwalimu wa darasa la tatu, alipokung'uta shuka la binti yake asubuhi ya Jumanne na mchanga ukamwagika sakafuni, alisimama akautazama. Ulikuwa mweupe, mkavu, na ulikuwa na joto.

"Dorca, umecheza wapi?"

Mtoto alikuwa ameketi kitandani, uso ukutani.

"Dorca."

Hakugeuka. Na huyu alikuwa mtoto wa miaka tisa ambaye kwa kawaida huitikia kabla hujamaliza kulitaja jina lake.

Selpha aliufagia mchanga, akautupa nje kwenye tope, wala hakumwambia mtu.

Siku iliyotangulia, lori la makumbusho lilikuwa limefika kutoka Kisumu na kushusha maonyesho ya wafungwa wa vita katika ukumbi wa chifu: picha zilizofifia, sahani za bati, vibati vya kuvaliwa shingoni, na kitabu kikubwa cha majina. Aliyeyatunza aliitwa Hassan, kijana wa Kaloleni, mcheshi, mwenye kofia nyeupe. Selpha alikuwa amelipeleka darasa lake lote, Dorca akiwemo.

"Hawa ni babu zenu," Hassan aliwaambia watoto. "Walikwenda vita ya Wazungu, wakashikwa, wakafungiwa jangwani. Kila asubuhi mkuu wa kambi anaita majina. Jina moja lisipoitikiwa, wote wanasimama juani, mikono mapajani, mpaka liitikiwe. Sasa huyu wa mwisho, Zadock Abuoga, namba thelathini na tisa, akafa kwa kiu. Wenzake wakaogopa jua. Kila asubuhi jina lake likiitwa, mmoja anamjibia: yupo. Siku arobaini, maiti anaitikiwa."

"Na chakula yake ilikuwa inakulwa na nani?" aliuliza Lornah, yatima aliyelelewa na bibi yake, na darasa likacheka.

Selpha aliamini kwamba somo ambalo mtoto hakulitia mkononi halikai kichwani. Akaomba kitabu. Kila mtoto angechagua jina moja, kisha yeye angeyaita, nao waitikie, ili wajue kambi ilikuwaje.

Hassan alisita. "Sawa, Mwalimu. Ila hilo la mwisho turuke."

"Kwa nini?"

"Sisi hatulisomagi. Aliyenikabidhi kazi alisema hivyo, na mimi sikumuuliza."

"Bwana Hassan, nina watoto thelathini na tisa. Nimwache nani bila jina?"

Watoto walisukumana kuchagua. Dorca, aliyefundishwa nyumbani kwamba mtoto wa mwalimu hupokea baada ya wenzake, alingoja hadi mwisho akapata lililobaki. Lilipoitwa, aliitikia kwa sauti safi, "Yupo, Mwalimu," na mama yake akafurahi.

Jumatano Dorca alikataa chai. Saa sita mchana mvua ilikatika, jua likawaka, naye akatoka akasimama katikati ya ua, mikono mapajani, macho wazi bila kupepesa. Selpha alimvuta. Mtoto mwembamba yule hakusogea, kana kwamba miguu yake ilikuwa imejengewa pale. Alikuwa akinuka vibaya: jasho la watu wengi, kutu, na ile chokaa wanayomwagia choo.

"Nyathina, ingia ndani," mama alimsihi. Mwanangu, ingia.

"Hesabu haijatimia," Dorca alisema, na sauti ilikuwa ya mwanamume mwenye koo lililochanika.

Alhamisi midomo yake ilipasuka. Selpha alimlaza kifuani, akamtilia maji kwa kijiko. Maji yaliingia yakiwa maji. Mtoto alikohoa, na kilichotoka ni mchanga. Zahanatini walimtundikia chupa ya maji ya mshipa, ikaisha, wakatundika ya pili, na muuguzi akainua mkono wa Dorca uliokuwa umekauka kama gome, akasema polepole, bila kumtazama mama mtu, kwamba haya maji yanaingia lakini yeye haoni yanakokwenda. Nje ya dirisha mafuriko yalikuwa yamefika kwenye ngazi, vyura wakilia, na ndani mtoto alikuwa akifa kwa kiu.

Ijumaa Selpha alimrudisha mtoto nyumbani, na alasiri Hassan, aliyesikia habari sokoni, alimleta Maalim Obeid kutoka Kisumu, mzee mfupi mwenye sauti ya chini. Alifukiza ubani, akasoma, kisha akamweleza Selpha kwa upole.

"Mama, huyu si roho ya marehemu. Marehemu amepumzika. Kila binadamu huzaliwa na jini mwenzake, twamwita karini. Mtu akifa, karini hubaki. Huyu alibaki kambini anangoja, kwa sababu jina la mtu wake liliendelea kuitikiwa. Kisha kinywa kilicho hai kikaitikia tena. Akaona mlango umefunguliwa."

Alisoma tena, kwa muda mrefu, na kadiri alivyosoma ndivyo chumba kilivyozidi kupata joto, mpaka nta ya mshumaa ikajipinda bila kuwashwa, na kutoka chini ya kitanda wakasikia miguu, miguu mingi isiyo na viatu, ikipanga mstari mchangani, mmoja baada ya mwingine, ikisimama, ikingoja.

"Toka," Maalim alinong'ona.

"Niliitwa, nikaitika," ilisema ile sauti kinywani mwa mtoto. "Nani atasimama mahali pangu?"

"Mimi," alisema Selpha. "Nichukue mimi. Yupo. Mimi nipo."

Kicheko kikavu. "Wewe ndiye unayeita. Mwenye kuita hahesabiwi. Ita tena, mwingine aitike."

Maalim alimshika Selpha bega. "Usimsikilize. Nipe siku saba nimsomee."

"Mtoto ana siku saba?"

Mzee aliangalia mikeka. "Sijui, binti yangu. Mungu ndiye anayejua. Lakini hilo analotaka, usilifanye."

"Sitalifanya, Maalim," alisema Selpha.

Jumamosi ile shule ilikuwa inafundisha, kufidia siku zilizoliwa na mafuriko. Selpha aliingia darasani akiwa amechana nywele, amevaa gauni la kijani wanalolipenda watoto. Alifungua rejista. Aliita jina baada ya jina, nao wakaitikia mmoja mmoja, naye akatia alama kwa kila jina. Jina la Dorca aliliruka. Alipofika mwisho wa ukurasa aliinua uso.

"Zadock Abuoga."

Watoto walitazamana. Mmoja alicheka kidogo.

"Zadock Abuoga," aliita mara ya pili, akayaacha macho yake yatue dawati la mbele, alipoketi Lornah, ambaye hakuwahi kuvumilia kuona swali la mwalimu wake likikosa jibu. Selpha alimtabasamia. Lilikuwa tabasamu lilelile alilompa alipomfundisha kusoma.

"Yupo, Mwalimu," alisema Lornah.

Selpha alitia alama.

Alipofika nyumbani Dorca alikuwa jikoni, amekishika kikombe kwa mikono miwili, akinywa. Alikunywa cha pili, cha tatu, maji yakimtiririka kidevuni, akaomba uji. Selpha aliketi sakafuni akamkumbatia miguu, akalia mpaka akakosa pumzi.

Jumatatu saa sita mchana mlango ulibishwa. Alikuwa Nabwire, bibi yake Lornah, na mtungi mdogo kichwani.

"Mwalimu, nisaidie," alisema kwa sauti ya chini, aibu imemjaa. "Mtoto amekataa maji tangu juzi. Mimi hanisikii tena. Nimebeba haya ya kisima, masafi. Wewe ukimwambia kunywa atakunywa. Huyu hana mtu anampenda kama wewe."

Nyuma yake, langoni, Lornah alikuwa amesimama juani, mikono mapajani. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alimtazama mwalimu wake kama mtoto anayengoja kuambiwa kwamba amepata jibu.

"Atapona, Mama," alisema Selpha. "Mpeleke nyumbani, mfunike."

"Ongea naye tu, Mwalimu. Neno moja."

Selpha alifunga mlango taratibu, akashusha komeo.

"Mama," Dorca aliita kutoka chumbani, "nani yuko nje?"

"Hakuna mtu, nyathina. Kunywa maji yako."