Maboksi ya Waridi

Mbithe aliyaona maboksi kwanza, aliyeyabeba baadaye. Yalikuwa yakishuka ngazi za duka la uchapishaji pale River Road, rundo refu limefungwa kwa kamba, likitembea kwa miguu miwili iliyovaa sandali. Akajibanza ukutani kulipisha. Likamgonga bega hivyo hivyo, kamba ikakatika, na ngazi nzima ikageuka rangi ya waridi.

"Dada, kwani huoni?"

"Nani haoni kati yetu? Uso wako uko wapi hata nikuone?"

Uso ulipojitokeza ulikuwa ukicheka. Kijana mrefu, shati lina madoa ya manjano, ananukia iliki na samli kama jiko la arusi. Aliitwa Kitavi, mkaanga mithai, vile vitamutamu vya Kihindi, katika duka la Mama Kamla kule Parklands, na alikuwa amekuja kuchukua maboksi ya sikukuu ya Diwali. Aliyeyachapa ni Mbithe, siku tatu mfululizo, mpaka kucha zikawa za waridi. Wakainama kuyaokota pamoja.

"Umeyafanya poa," Kitavi akasema, akimwangalia yeye, si boksi. "Kitu kizuri hivi hakifai kurudi kwako kitupu."

Kesho yake boksi likarudi, limejaa ladu na jalebi. Mbithe hakuwa mtu wa sukari, lakini kwao Makueni alifunzwa kwamba chakula hakikataliwi; ukikikataa, umemkataa aliyekileta. Akala kipande mbele ya Kitavi, meno yakamwuma, akasema lile ambalo adabu ilimwekea mdomoni:

"Nikipata hii kila siku nitashukuru."

Maskini, Kitavi alimwamini.

Kila jioni, saa moja, pikipiki ilisimama kwenye lango la fleti za Kileleshwa ambako Mbithe alikodi chumba cha uani. Kitavi alishuka, akampa boksi, akambusu kwenye paji la uso na kurudi mbio. "Kazi imejaa, mwendwa. Diwali haingoji." Mwendwa, mpenzi kwa Kikamba chao, neno hilo Mbithe alilirudia njia nzima hadi chumbani. Kisha Diwali ikapita, maboksi yasipite. Mama Kamla aliwagawia wafanyakazi mithai zilizobaki kila siku, na Kitavi akakusanya hata za wenzake.

Saa tatu usiku simu ilikuwa ikilia.

"Umekula?"

"Nimekula, mpenzi."

"Ladu ama barfi?"

"Zote."

"Basi kesho naongeza."

"Kitavi, na wewe mwenyewe utakuja lini?"

"Si nimekuja leo?"

"Pikipiki haikuzima hata injini."

"Haya, usinune. Kesho naleta boksi kubwa!"

Mbithe aliweka simu kitandani na kutazama ukuta. Alikuwa ameshiba au ana njaa? Hakujua. Atamshtakia nani kwamba anapendwa kupita kiasi? Alipojaribu kumwambia Ravneet, binti wa mwenye duka la uchapishaji, aliishia kuchekwa.

"Wanaume wengine hata peremende hawanunui, na wewe unalia?"

"Basi chukua wewe hizi."

"Mimi? Mamangu akiona kiuno changu atanihamisha."

Chumbani sisimizi walikuwa wamepiga foleni. Ndipo Mbithe alipoanza kumpelekea boksi Mzee Mungai, askari wa lango, kila usiku baada ya simu. Mzee alilipokea kwa mikono miwili. "Ubarikiwe, binti yangu. Sasa hii ndiyo chai." Mbithe alirudi chumbani mwepesi mikononi, mzito moyoni.

Wiki ya nne, Alhamisi asubuhi, Mzee Mungai alianguka langoni, funguo mkononi.

Mbithe aliandamana naye hadi hospitali moja ya Parklands. Daktari akasema sukari imepanda kupita kipimo; mzee amekuwa na ugonjwa huo miaka sita. Mzee alikuwa hajamwambia mtu, asije akapoteza lindo. Mbithe aliketi kando ya kitanda, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni, akamwandikia Kitavi: *Niko hospitali, jirani na duka lenu. Mzee Mungai mgonjwa.*

Duka la Mama Kamla halikuwa mbali. Dakika kumi baadaye Kitavi aliingia akihema, aproni bado kiunoni, na kwapani, kwa sababu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, boksi la waridi.

Macho ya mzee yakang'aa. "Haa! Binti yangu, leo umeniletea mapema!"

"Hapana!" Mbithe akalipokonya boksi. Jalebi zikamwagika sakafuni.

Kitavi alimtazama mzee. Akamtazama Mbithe. Akaangalia jalebi.

"Amesema leo mapema," alisema polepole. "Kwani kila siku huwa saa ngapi?"

Mbithe akainama kuokota jalebi.

"Kwa hivyo mwezi mzima nimekuwa nikimtongoza Mzee Mungai?"

"Kitavi, usinichekeshe, nitalia."

"Sichekeshi! Ungesema tu hunitaki."

"Nakutaka! Ni hizi ndizo sizitaki."

"Hizi ndizo mimi," akasema Kitavi, akaondoka akikanyaga sukari.

Siku tisa bila boksi, bila simu. Sisimizi wakahama. Mbithe alijiambia amepumzika, kisha akajikuta kazini akinusa maboksi matupu kama mwendawazimu. Desemba walikuwa wamepanga kwenda kumwona babake Mbithe kwa posa. Sasa nani ataenda? Hakuelewa: alikimbia wingi, mbona uchache ndio unamuua?

Jumapili mchana simu ililia. Ilikuwa ya langoni. Mzee Mungai alikuwa amerudi, sasa na chupa yake ya uji usio na sukari.

"Yuko hapa yule wa mithai. Lakini leo hana kitu kabisa, na amekuja kwa miguu. Nimfungulie?"

"Mfungulie, mzee!"

Mbithe alikuwa na kanga kifuani na nywele nusu zimesukwa. Hakujali. Kitavi alisimama mlangoni, shati jeupe lililopigwa pasi, mikono ikining'inia kama vitu vya kuazima.

"Sijui niiweke wapi," alisema.

"Nini?"

"Hii mikono."

"Keti kwanza."

Akaketi. Mbithe akampa chai, nayo haina hata chembe ya sukari. Kitavi akanywa, akakunja uso, akamaliza. Jua likahama kutoka sakafuni hadi ukutani naye bado ameketi.

"Kwetu baba alikuwa akija nyumbani mikono mitupu," alisema mwishowe. "Sisi watoto tulikuwa tunajificha tusimwone akiona aibu. Nikaapa mimi sitawahi."

"Na mimi niliogopa kusema nimeshiba. Nusura nimuue mzee wa watu kwa adabu." Mbithe akavuta pumzi. "Kitavi, mimi nataka uzime injini tu, ukae."

"Desemba nikienda kwa babako, nibebe nini?"

"Mbuzi wa desturi. Usizidishe."

"Basi utanikubali?"

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mbithe aliuchukua ule wa Kitavi, akaufungua, akaweka midomo katikati ya kiganja. Iliki. Samli. Na sukari, ile ya miaka yote, isiyotoka kwa sabuni yoyote.

"Mmh," alisema, bila kuuachilia. "Hii inatosha."