Nadhiri ya Goti

Kila Jumamosi asubuhi Stamatia hutumwa mkate kwa mwokaji wa mtaa wa washona viatu, katika mji wa bandari wa Hania, na hurudi akiumega njiani. Jumamosi hiyo mkate ulifika mzima, maana alirudi mbio. Alikuwa na mgeni wa kumtembeza.

Mgeni mwenyewe alikuwa Bibi Evanthia, dada ya babu yake, aliyehamia Australia akiwa na miaka tisa na asirudi hadi mwaka huo. Mwaka uliotangulia alipasuliwa goti. Kabla ya kupasuliwa aliweka nadhiri: akiweza kutembea tena, atakwenda kwa miguu hadi monasteri ya mlimani alikobatizwa, akatundike mbele ya picha takatifu kibati cha fedha chenye umbo la mguu, kama wafanyavyo watu wa huko wanapopona. Kesho yake alfajiri ndege ingemrudisha. Ilikuwa leo au basi.

Baba alitaka kuwapeleka kwa gari. Bibi akakataa, akasema nadhiri ya miguu haiondolewi kwa magurudumu. Baba akauliza ni nani basi anayeijua njia ya miguu.

"Mimi," akasema Stamatia. "Nimekwenda na shule mara mbili."

Kwenda alikwenda, lakini kwa basi, na mara zote mbili alisinzia kabla mji haujaisha.

Asubuhi walizunguka mji wa kale, na Stamatia hakukosa jibu hata moja. Mnara wa taa ulijengwa na maharamia, wapate kuwachungulia wavuvi. Msikiti wenye kuba pale bandarini ulikuwa nyumba ya mfalme aliyechukia kona. Bibi alitabasamu tu huku akitafuna mkate wake wa ufuta. Baada ya chakula cha mchana wakaanza safari ya mlimani, mwendo wa saa mbili.

Penye njia panda Stamatia alisita, kisha akaona kuba jeupe juu ya kilima. Akasema ndiyo hiyo monasteri. Walipofika juu wakakuta kikanisa kidogo kimefungwa kwa waya, na mbuzi wawili wamelala kivulini. Pande zile kila ukoo hujenga kikanisa chake mahali penye upepo, na kwa mbali vyote hufanana. Stamatia hakukubali kushindwa. Alisema alitaka bibi aone mandhari kwanza, akaonyesha kuba la pili. Huko hata mbuzi hawakuwepo.

Saa kumi ilikuwa inakaribia. Maji yalikwisha na goti la bibi lilivimba. Aliketi juu ya ukuta wa mawe, kibati chake mkononi. Stamatia aliona kuba la tatu na mkono ukainuka wenyewe kulionyesha. Kisha akalitazama lile goti, akaushusha mkono.

"Bibi, njia siijui," akasema, machozi yakimlengalenga. "Shuleni tulikwenda kwa basi, nami nililala."

Bibi alilipapasa goti lake.

"Ule mnara wa maharamia nilijua ni porojo. Mimi nimevua samaki chini yake, mjukuu wangu. Nikacheka tu. Lakini habari ya njia niliamini, maana nilidhani huwezi kulifanyia mzaha goti langu." Akavuta pumzi. "Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako imetupandisha vilima viwili."

Wote wawili wakanyamaza. Ndipo iliposikika kutoka bondeni sauti ya mti kugongwa: ko, ko, koko.

Bibi aliinuka. "Ubao! Kengele hata vikanisa hivi vinazo, lakini ubao hupigwa na watawa tu, wakiitana kwenye sala."

Waliifuata sauti polepole, bibi akiegemea bega la Stamatia. Langoni, mtawa mzee aliyebeba ubao begani aliwapa maji baridi, na kila mmoja kijiko cha zabibu zilizopikwa kwa sukari. Bibi alitundika mguu wake wa fedha kati ya mikono, macho na mioyo ya watu wengine, akalia kwa furaha. Stamatia naye alihisi mzigo umemtoka.

Bibi alipompigia baba simu awafuate kwa gari, Stamatia alishangaa.

"Nadhiri ilikuwa ya kuja," bibi akasema. "Ya kurudi sikuitaja." Kisha akamshika kidevu. "Ubao hupigwa kila siku, mwanangu. Tungepanda kilima cha tatu huku ukinisimulia, tusingeusikia. Uliposema hujui, tulinyamaza, na tuliponyamaza tukasikia. Asemaye 'sijui' hupata wa kumwonyesha. Ajifanyaye mjuzi hupotea, na anayemfuata hupotea naye."

Jioni gari lilipopita bandarini, bibi aliuelekeza mkono kwenye mnara wa taa.

"Haya, kiongozi wangu. Ulijengwa na nani?"

"Sijui, bibi," akasema Stamatia.

"Vizuri," akasema bibi, akamsogelea. "Sasa sikiliza."