Paa la Mughwai

"Na ule ulioko juu ya kichwa changu, mtauhamisha lini?"

Aliyeuliza ni Febronia, amesimama peke yake upande wa wanawake, siku wataalamu walipokuja kijijini kueleza habari za kuhamisha mchanga wa urani. Wakatazamana. Mmoja akafunika kalamu yake. Mwenyekiti akasema, "Swali lingine?" Basi. Soda zikagawiwa.

Na lilikuwa swali la haki kabisa! Kile kinu cha kusaga mawe ya urani, kule pembeni ya mbuga, kilipofungwa, wenyewe waliondoka na mashine zao wakaacha kilima cha mchanga laini wa kijivu. Hawakuacha mlinzi. Hawakuacha hata kibao cha kusema hatari. Watu wa nyumba za tembe wakaona neema hiyo. Paa la tembe ni udongo, na udongo wa kawaida kila mvua unavuja. Huu ukishindiliwa unakaa kama saruji. Mughwai, mumewe Febronia, alikuwa wa kwanza kuusomba kwa punda. Alikuwa na mguu mmoja mbovu. Alilishindilia paa lake akikanyaga mara mbili na kuburuta mara moja, huku anaimba.

Wengine baadaye walipata bati. Mughwai hakuwahi, alikufa akikohoa damu. Na mtoto wa kwanza wa binti yao Jenifa, aliyezaliwa chini ya paa lile, hakumaliza hata mwezi. Kijiji kikapata la kusema: mama yule anawala wa kwake.

Sasa Jenifa alikuwa mjamzito tena, yuko njiani kutoka Tabora kwa treni, anakuja kujifungulia kwa mama kama desturi inavyotaka. Kwa hiyo jioni ile, jua likizama, Febronia akachukua ndoo kwenda kuomba kinyesi cha ng'ombe, asiribe sakafu ya chumba cha mzazi.

Jirani yake, Rukaiya, alimwona angali mbali.

"Shikamoo, Mama Jenifa. Ishia hapo hapo kwenye miiba, nakuletea."

"Marahaba. Ningeingia nikazoa mwenyewe, mwanangu."

"Watoto wamelala."

Watoto walikuwa wanacheka ndani.

Rukaiya akampa ndoo kwa kunyoosha mkono. "Nasikia Jenifa anakuja. Haogopi?"

"Amwogope nani? Mama yake?"

Rukaiya akavuta miiba, akaziba njia.

Febronia akarudi. Upande wa kinu malori ya mradi wa kuhamisha mchanga yalikuwa yamenyamaza, na giza lilikuwa linaingia upesi. Hakukutana na mtu. Siku hizi hakuwa anakutana na mtu. Watu wakimwona walikuwa wanakumbuka kitu walichosahau nyumbani.

Alipofika uani, mbuzi hawakulia.

Kuku walikuwa nje, wamejikusanya chini ya mnyaa, hawataki kuingia.

Kisha harufu. Si ya ile ndoo. Harufu ya chuma kilicholowa mvua... na mvua haikuwepo.

Kisha sauti.

Krrr... krrr...

Juu ya paa.

Mtu. Amevaa zile nguo nyeupe za mradi, mwili mzima, na barakoa yenye kioo usoni. Ameinama, anakwangua udongo kwa mikono, anautia kwenye ungo.

Moyo wa Febronia ukaruka kwa furaha.

"Kumbe mlinisikia!" akasema. "Ahsante, baba. Shuka basi unywe maji."

Yule mtu akainuka, akauelekea upande wa chumba cha mzazi.

Tu, tu... krrr.

Tu, tu... krrr.

Ndoo ikamponyoka.

"Mughwai?"

Akageuka. Nyuma ya kioo hapakuwa na macho. Palikuwa na mchanga, laini, wa kijivu, unaporomoka polepole bila kwisha.

"Usimlete..."

Sauti haikutoka kinywani. Ilitoka ukutani. Ilitoka kitandani.

"Nisimlete nani?"

"Mtoto..."

"Na mimi nikae peke yangu mpaka lini, Mughwai?"

Krrr... krrr...

Febronia akakaa chini katikati ya kuku wake. Hakukimbia. Angekimbilia kwa nani? Akasikiliza ule mguu ukiburutwa mpaka usingizi ukamchukua, na ukweli ni kwamba, tangu alipofiwa, hakuwa amelala huku mtu yuko karibu.

Asubuhi paa lilikuwa miti mitupu.

Akamfuata Calist, msimamizi wa vibarua wa mradi. Kijana akaja na kile kipimo chao cha mionzi. Kwenye miti kikalia. Ukutani kikalia. Kwenye kitanda kikalia kama nyenje wa kiangazi, mpaka Calist akaanza kutoka kinyumenyume.

"Mama, udongo umeupeleka wapi?"

"Si ninyi mmeuchukua?"

"Sisi tumeagizwa ule wa ndani ya uzio tu. Huu wako haumo kwenye mradi."

Haumo kwenye mradi! Mtu anauawa na mchanga wenu, halafu mchanga unageuka kuwa wake.

Waliukuta makaburini. Kaburi la Mughwai, lililokuwa limedidimia, lilikuwa limeinuka hadi kifuani mwa mtu, limeshindiliwa vizuri sana. Pembeni hapakuwa na unyayo hata mmoja. Calist hakukisogeza kipimo karibu nalo.

"Usilale tena mle ndani," akanong'ona. "Wala mtu mwingine yeyote."

Akaosha buti zake, akaondoka. Mpaka saa ya chakula kijiji kizima kilikuwa kinasema mchawi sasa anafukua paa lake mwenyewe, na hakuna mlango uliofunguliwa.

Simu ya Jenifa haipatikani tangu jana. Hakusema kama atashukia Itigi au Manyoni, na mama ni mmoja. Febronia yuko stesheni ya Manyoni, amekaa mwisho wa benchi, na benchi lote ni lake.

Basi wewe uliye Itigi, nakuomba. Ukimwona binti mwenye mimba kubwa anashuka peke yake, mwambie asiende kwa mama yake.

Mpe pa kulala.