Bei ya Mkono wa Mgeni

Mnakumbuka asubuhi zetu za zamani, jirani zangu? Kabla jua halijapanda juu ya mapaa, harufu ya mkate ilikuwa imeshafika kila chumba cha mtaa huu. Bekari ilikuwa ya kaka yangu wa tumbo moja, na mkandaji wa unga alikuwa mume wangu. Miaka kumi na minane alisimama mbele ya mashine ile ile. Watoto wakitumwa mkate walirudi wameshautoboa ubavuni, wakikanusha na makombo yamejaa mdomoni. Kaka akipita dirishani kwangu huniita, “Mdogo wangu, umelala?” Nami humjibu, “Nitalalaje na wewe unanuka hamira mtaa mzima?” Tunacheka, yeye huyo, anaenda kufungua. Hatukuwa matajiri, lakini sufuria ilikuwa na kitu ndani.

Kisha vita vikawaka upande wa pili wa mpaka, na watu wakaja.

Sitaki kuwadanganya kwamba ujio wao haukutubana. Ulitubana. Foleni ya bomba ilifika hadi kona ya pili. Zahanati ikaishiwa dawa kabla ya saa sita mchana. Darasani kwa binti yangu mkubwa walikuwa wakikaa watatu kwenye dawati, wakawa watano, naye akaandika akiwa ameegemea ukuta. Hayo ni kweli, na anayeyakana hajawahi kupanga foleni na ndoo. Lakini hebu niambieni, kodi za nyumba zilipandishwa na nani? Mkimbizi alikuja na godoro kichwani, hakuja na bei. Bei tulimpangia sisi. Mwenye chumba kimoja alikigawa kwa pazia vikawa viwili, akamtoa mpangaji wake wa miaka kumi, akaingiza familia mbili. Na yule wa duka la kona, aliyekuwa akiuza sabuni kwa vipande, sasa anaagiza kwa lori. Mchana anapokea hela za wageni kwa mikono miwili, jioni anakaa nje ya duka anawatukana. Usinitazame hivyo, ndugu yangu. Unajijua.

Haya, turudi kwa kaka. Shirika la misaada lilitafuta mtu wa kuoka mikate ya kambini, na zabuni akaipata yeye. Siku hiyo nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma. Nilijua neema imeingia nyumbani kwetu, kwani damu nzito kuliko maji, si ndivyo tunavyosema? Wiki ya pili akamwita mume wangu na wenzake watatu pale penye magunia.

“Shemeji,” kaka alisema, “mambo yamebadilika. Nimepata watu wanaofanya kazi yenu kwa nusu.”

“Watu gani?”

“Hawa waliokuja. Wengine hata nusu hawadai, wanataka mkate wa kwenda nao tu.”

“Mimi nimekukandia unga miaka kumi na minane.”

“Na nimekulipa miaka kumi na minane. Biashara haina undugu, shemeji.”

Mume wangu alirudi saa tatu asubuhi, saa ambayo sijawahi kumwona nyumbani isipokuwa akiwa mgonjwa. Nikamuuliza, “Homa?” Akasema, “Afadhali ingekuwa homa.”

Nilikwenda kwa kaka siku hiyo hiyo, nikiwa na kanga ya jikoni. Nilimwambia maneno ambayo mama yetu angeyasikia angenichapa nikiwa na watoto wangu hivyo hivyo. Akanisikiliza akipangusa mikono. Halafu akasema, tena bila aibu, “Usinikasirikie mimi. Wakasirikie wageni. Ndio waliomfukuza mumeo.” Loo! Mtu anakufukuza kwa mdomo wake, halafu anakuonyesha kidole kwa mwingine, nawe unageuka kutazama. Maana nilitazama, jirani zangu. Huo ndio upumbavu wangu wa kwanza, na nyinyi wengi mlitazama pamoja nami.

Mume wangu alizunguka kutafuta kibarua. Penye ujenzi aliambiwa, kuna anayebeba zege kwa nusu. Penye kiwanda cha sabuni, kuna anayefanya kwa nusu. Neno hilo nusu lilimfuata kama mbwa asiye na mwenyewe. Mimi nikaanza kufua nguo za watu, nako nikakuta mwanamke wa kambini anafua kwa nusu. Watoto wakala mara moja kwa siku. Binti akaacha kuomba daftari. Na kila jioni mume wangu alikaa kwenye kibao cha mlangoni akiwahesabu wageni wanaopita, akisema, “Yule, na yule, na yule.” Sikumkanya. Nami nilikuwa nikiwahesabu kimoyomoyo.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Mashine ya kukandia ilikuwa na ugonjwa. Swichi yake ilikuwa mbovu. Unaizima, inazimika, unadhani imelala, kumbe inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote. Mume wangu aliomba itengenezwe kwa miaka miwili, kaka akisema mwezi ujao, mwezi ujao. Kwa hiyo alijiwekea utaratibu wake. Kabla hajaingiza mkono kukwangua unga chini, anachomoa waya ukutani, anautupia begani, anauona kwa macho yake. Hakuwahi kuuacha hata siku moja. Tena wakati huo mashine ilikuwa na kifuniko cha wavu. Zabuni ilipokuja, kaka alikifungua kifuniko akakitupa uani, ati kinachelewesha kazi.

Aliyewekwa mahali pa mume wangu tulimwita Mwalimu. Kwao alikuwa akifundisha hesabu sekondari. Mtu mwembamba, mpole, anayesalimia hadi watoto. Siku moja saa kumi alasiri alibisha hodi kwetu. Mume wangu alikuwa ndani, nami nilikuwa nikikunja nguo za watu.

“Shikamoo, mama,” alisema, ingawa simpiti umri kwa mbali.

“Marahaba.”

“Samahani kuwasumbua. Namtafuta mzee aliyekuwa kwenye mashine.”

Mume wangu akatoka. Hakumkaribisha. Mwalimu akabaki amesimama juani, mikono ameikunja kifuani.

“Kaka yangu, naomba unifundishe. Mashine ile siielewi. Juzi niliizima ikawaka tena. Nikimwuliza bosi ananiambia nifanye haraka. Nimeambiwa wewe unaijua.”

“Nani kakuambia?”

“Wote wanasema.”

“Basi hao wote wakufundishe.”

“Mimi sikuomba nafasi yako,” Mwalimu alisema polepole. “Niliomba kazi. Sikuambiwa palikuwa na mtu. Nina mama na watoto wawili pale kambini. Nisaidie neno moja tu, nifanyeje.”

Neno moja. Lilikuwa neno moja kweli: chomoa waya. Hata mtoto wa darasa la kwanza angelisema. Mimi nilikuwa nalijua kama ninavyolijua jina langu, maana mume wangu alinisimulia habari za waya ule mpaka nikachoka. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikatazama sufuria tupu kwenye kona. Nikakunja shuka.

Mume wangu akamjibu, “Nenda kamwulize aliyekuajiri.”

Na mlango ulifungwa na mimi. Ndiyo, mimi. Si yeye. Mnaonitazama kwa huruma, acheni.

Kesho yake alfajiri mashine iliwaka Mwalimu akiwa ameingiza mkono hadi kwenye bega. Wenzake walipouvuta waya ukutani, mkono wa kulia ulikuwa umeshasagika pamoja na unga wa watu elfu mbili. Ukelele ulifika chumbani kwetu. Mume wangu aliketi kitandani, mkono begani, pale alipozoea kuutupia waya.

Kaka alifanya nini? Alimfunga Mwalimu jeraha kwa gunia, akampakia kwenye mkokoteni, akamwacha mlangoni pa zahanati. Walipomwuliza, akasema hamjui. Hana mfanyakazi kama huyo. Karatasi ya kazi iko wapi? Hakuna. Ndiyo maana alimtaka yeye, mkinielewa: mtu asiye na karatasi hana pa kulalamika.

Lakini shirika lilikuwa na watu wenye macho, wakaguzi wakaja. Walitaka kujua jambo moja, kama mwenye bekari alikuwa akijua kuwa mashine ni mbovu. Akionekana alijua, atamlipa Mwalimu na bekari itafungwa mpaka mashine itengenezwe. Na aliyeweza kuyasema hayo ni mmoja tu, mume wangu, maana ndiye aliyemwomba aitengeneze kabla Mwalimu hajafika.

Usiku haujaingia bado kaka yuko mlangoni kwangu, na mfuko wa unga kifuani. Watoto wakamrukia, “Mjomba! Mjomba!” Akawapapasa vichwa.

“Shemeji,” alisema, “nimekukosea. Rudi kazini Jumatatu.”

Akautua unga sakafuni.

“Ila kesho wakikuuliza, sema mashine ilikuwa nzima ulipoondoka. Mgeni kaiharibu mwenyewe kwa ushamba wake. Basi. Hayo tu.”

“Na yeye?”

“Yeye nani? Yeye atapelekwa kwingine. Wana watu wa kuwashughulikia, hao. Wewe nani anakushughulikia?”

Mume wangu akanigeukia mimi. Jirani zangu, yule mwanamume hajui kusema uongo. Miaka ishirini ya ndoa, akinunua kitu kwa mia anasema mia. Alinitazama akiniomba nimkataze, ningemwambia hapana angekataa, naapa. Nami nilitazama ule unga. Nikasema, “Watoto hawajala tangu jana.”

Akaenda akasema. Mashine ilikuwa nzima. Akatia sahihi.

Mwalimu alikuwapo, mkono mmoja, kitambaa cheupe begani. Hakupiga kelele wala hakutulaani. Alimwuliza mume wangu kitu kimoja tu: “Ulijua, kaka yangu?” Mume wangu akatoka nje. Mwalimu hakulipwa hata nauli. Sikumwona tena. Nasikia mama yake anaokota kuni ndani ya ua wa kambi.

Sasa mtasema, angalau mlishiba. Ngojeni basi.

Jumatatu mume wangu alirudi mbele ya mashine. Swichi mbovu ile ile, kifuniko bado kiko uani kimeota kutu. Jumamosi akaletewa malipo yake. Ilikuwa nusu.

“Shemeji, umekosea,” mume wangu alisema.

“Sijakosea. Kazi hiyo sasa ndiyo bei yake.”

“Ile ilikuwa bei ya mgeni.”

“Mkono ni mkono,” kaka alisema. “Mashine haiulizi umetoka wapi, nami siulizi. Hutaki? Tazama mlangoni.”

Mume wangu akatazama. Pale mlangoni pa bekari walikuwa wamejipanga vijana kama ishirini wakisubiri kibarua. Hakukuwa na mgeni hata mmoja. Tangu ajali wageni wote, hata waliopanga mtaani, walikuwa wamerudishwa kambini na kukatazwa kutoka. Wote walikuwa watoto wa mtaa huu, watoto wenu, na wa mbele kabisa alikuwa mtoto wa yule wa duka la kona. Maana kambi ilipofungiwa, wanunuzi waliisha, na lori la sabuni sasa limepaki halina wa kumshushia. Kila mmoja wao alikuwa tayari kufanya kwa nusu.

Nilikwenda kwa wakaguzi nikasema yote, waya, swichi, mlango nilioufunga. Waliniandika vizuri. Kisha wakanionyesha sahihi ya mume wangu, wakaniuliza, mama, tumwamini nani, mke asiyewahi kuigusa mashine au fundi aliyekaa nayo miaka kumi na minane? Nikarudi nyumbani. Mume wangu bado anakanda, kwa nusu, na kila alfajiri nakaa macho mpaka nisikie mashine imezimwa.

FUNZO

Tulifundishwa tukiwa wadogo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walipokuja walileta mikono, walileta wanunuzi, na walileta mzigo pia, sikatai. Mzigo ule tungeubeba kama tungegawana. Badala yake wachache waliuvuna na wengi tukaambiwa tuwachukie waliokuja.

Mtaa wowote unaoruhusu mtu mmoja alipwe kwa dhuluma, kwa sababu si wa kwao, umeshakubali kulipwa hivyo wote. Ukiona cha mwenzako chanyolewa, chako tia maji. Sisi tulisimama tukacheka kwa sababu aliyenyolewa hakuwa wetu, na tukamshikia kinyozi kichwa.

Kwa hiyo kesho akija mtu mlangoni kwako, asiye na karatasi, asiye na ndugu, akakuomba neno moja la kumwokoa kazini, mwambie. Msimamie alipwe sawa na wewe, hata kama ndiye aliyekaa kwenye kiti chako, hasa huyo. Usipofanya hivyo kwa ajili ya Mungu, fanya kwa ajili ya tumbo lako. Mimi sikufanya, na sasa mkono ulioko ndani ya mashine ile ni wa mume wangu.